Dripu ya Muheza: maji yakiingia mwilini huenda wapi?

Mtaani kwetu Tanga, mgonjwa akirudi kutoka hospitali, swali la kwanza ni moja: "Ametundikiwa dripu ngapi?" Ukisikia tatu, watu wanaridhika. Maji ni uhai, basi maji mengi ni uhai mwingi. Leo nataka tuliangalie wazo hilo vizuri, kwa sababu hospitali iliyo hapo Muheza, ukitoka Segera kuja Tanga, ilishiriki kuonyesha kwamba si kweli siku zote.

Tuanzie jikoni. Ukinyunyizia chumvi vitunguu vya kachumbari, baada ya dakika chache bakuli lina maji. Hukuyamimina wewe, yametoka ndani ya seli za kitunguu. Maji hupenya utando mwembamba wa seli na kufuata upande wenye chumvi nyingi. Hiyo ndiyo osmosisi.

Mwili wako unafuata kanuni hiyohiyo. Mtu mzima wa kilo 60 ana maji kama lita 36. Lita 24 zimo ndani ya seli. Kati ya zile 12 zilizo nje ya seli, kama 3 tu ndizo ziko ndani ya mishipa ya damu. Zilizobaki ziko kwenye vinafasi vya katikati ya seli na seli.

Sasa turudi nyuma kidogo. Mwaka 1832, kipindupindu kilipokuwa kinaenea Uingereza, daktari Thomas Latta wa Leith, Scotland, aliwatilia maji ya chumvi kwenye mshipa wagonjwa waliokuwa wanakata roho. Baadhi walipona. Dripu ya leo ni mjukuu wa jaribio lile: gramu 9 za chumvi kwa lita moja, kipimo kisichovimbisha seli wala kuzisinyaza. Ila kwa kuwa chumvi hiyo hubaki nje ya seli, maji nayo hubaki nje. Na hata kwenye mshipa hayatulii. Mwaka 1896 Ernest Starling wa London alieleza kwa nini: msukumo wa damu huyatoa maji kwenye mishipa midogo, na protini za damu, hasa albumini, huyavuta yarudi. Dripu ya chumvi haina protini, kwa hiyo sehemu kubwa huvuja kwenda kwenye vile vinafasi.

Hapo ndipo Muheza inaingia. Kati ya 2009 na 2011, Hospitali Teule ya Muheza, pamoja na hospitali ya Kilifi nchini Kenya na nne za Uganda, ilishiriki utafiti wa FEAST ulioongozwa na Profesa Kathryn Maitland. Watoto waliohusika walikuwa na homa kali na dalili za shoki, yaani damu haizunguki vya kutosha: mikono na miguu ya baridi, mapigo ya moyo mbiombio. Zaidi ya nusu walikuwa na malaria. Vitabu vya nchi tajiri vilisema: wape maji mengi, haraka. Basi watoto 3,141 wakagawanywa kwa kura makundi matatu. Kundi la kwanza lilipewa maji ya chumvi kwa kasi, la pili maji yenye albumini kwa kasi, la tatu dripu ya polepole tu. Wote walipata dawa, na damu kwa aliyehitaji.

Mwezi Januari 2011 utafiti ukasimamishwa kabla ya wakati. Ndani ya saa 48 walikuwa wamefariki asilimia 10.5 ya kundi la chumvi, 10.6 la albumini, na 7.3 la dripu ya polepole. Kwa kila watoto 100 waliopewa maji kwa kasi, kama watatu zaidi walipotea.

Utadhani mapafu yalijaa maji au ubongo ulivimba. Kumbe hapana. Uchambuzi uliotoka 2013 ulionyesha kwamba vifo vingi vya ziada vilitokana na moyo na mzunguko wa damu kushindwa. Na albumini, iliyotarajiwa kuyashika maji ndani ya mshipa, haikuokoa zaidi ya chumvi. Mwaka 2016 Shirika la Afya Duniani likabadili mwongozo wake kuhusu maji ya haraka kwa watoto wa namna hii.

Angalia usinielewe vibaya. Watoto wa kuharisha hawakuwemo kwenye utafiti huu. Hao maji yamewatoka kweli, na kuwarudishia haraka ndiyo tiba. Usimnyime mtoto anayeharisha ORS kwa sababu ya makala haya.

Ila mtoto wa homa akilazwa, na nesi akaiachia dripu idondoke taratibu, usigombe kwamba anamnyima maji. Wazazi wa Muheza, Kilifi na Uganda walikubali watoto wao waingie kwenye kura ile, na ndio waliotufundisha kwamba kasi ile inaweza kuua.