Manowari Iliyopita Tabora kwa Treni
Sisi wa Tabora hatuna hata ziwa, lakini manowari ilipita kwetu. Manowari hiyo, Graf von Götzen, iliundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikafunguliwa na kupakiwa kwenye masanduku yapatayo 5,000. Reli iliyoifikisha Kigoma, kwenye Ziwa Tanganyika, ilifuata njia ya misafara ya Wanyamwezi.

Iliunganishwa tena huko, lakini Julai 1916, wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, Wajerumani waliizamisha wenyewe karibu na mdomo wa mto Malagarasi. Mafundi walikwisha kupaka mitambo grisi nzito isiliwe na kutu: wajanja wale! Waingereza wakaiibua 1924. Mwaka 1927 ikaanza safari kwa jina la Liemba.

Nimeipanda. Kirando, ufukweni mwa ziwa hilo, hakukuwa na gati la maana. Mitumbwi iligombania ubavu wake, mama akapandishwa kwa kushikwa mikono, magunia ya dagaa yakining'inia kwenye winchi juu ya vichwa vyetu.