Neno "case": maneno mawili ndani ya vazi moja

Wiki hii tunarudi kwenye masomo yetu ya Kiingereza, ila safari hii tunapitia mlango wa historia. Tumechagua nomino moja fupi sana, herufi nne tu: "case". Tumeichagua kwa sababu ilituumbua.

Ilikuwa hivi. Siku moja ya usajili sisi vijana watatu tulikuwa kwenye foleni, tunasaidia wazee kutafsiri kwa Kiingereza chetu cha kuokoteza. Mzee mmoja wa upande wa Fizi akafika mezani. Karani akauliza kwa Kiingereza, wako wangapi kwenye "case" yako? Nasi tukatafsiri haraka haraka, tena kwa kujiamini: "Baba, anauliza watu wangapi wako kwenye kesi yako." Mzee akashtuka. "Miye sina kesi na mutu. Sikuibaka, sikuuaka." Tukarudia swali, naye akazidi kukaza. Nyuma yake walisimama wajukuu watatu, watoto wa binti yake marehemu, lakini hakutaja jina hata la mmoja. Moyoni alikuwa anawaza: nikiwataja hawa watoto nitawaingiza kwenye kesi. Basi akaandikwa peke yake. Siku ya mgao akapewa chakula cha mtu mmoja, wakala wanne. Kurekebisha kosa lile kulichukua miezi miwili.

Karani aliuliza swali la kawaida. Mzee alijibu swali alilosikia. Walioharibu ni sisi katikati, tuliodhani kwamba kwa kuwa "kesi" imetoka kwenye "case", basi ni kitu kilekile. Ndiyo maana tukakaa chini, tukafungua kamusi, tukatafuta neno hili limetoka wapi.

Kwanza tazameni maana zake, ni nyingi kweli. Mahakamani, "case" ni kesi. Hospitalini, ni mgonjwa mmoja wa ugonjwa fulani. Manesi wakisema kuna "cases" kumi za surua, wanahesabu watu waliougua, hakuna aliyeshtakiwa. Dukani, ni kreti au katoni ya soda. Chumbani, neno hilohilo likiungwa na jingine linakuwa foronya ya mto, kabati la vitabu, au sanduku la safari, yaani lile "sutikesi" tunalolijua. Kwenye simu, ni kava. Darasani, mwalimu wa lugha anasema "case" akimaanisha umbo la nomino, halafu mwalimu wa kompyuta anaitumia kwa herufi kubwa na ndogo. Na kwenye usajili wa wakimbizi, mara nyingi ni kundi la watu walioandikwa pamoja, kwa kawaida familia moja, pamoja na karatasi zao zote.

Mtu anauliza, Waingereza waliishiwa maneno au? Jibu ni kwamba haya ni maneno mawili tofauti kabisa yaliyokutana njiani, yakavaa nguo moja. Yote mawili yalitoka Kilatini, lugha ya Warumi, yakapitia Kifaransa, yakaingia Uingereza baada ya Wanormani kuiteka nchi hiyo mwaka 1066. Kwa karne kadhaa baada ya hapo Kifaransa kilikuwa lugha ya wakubwa na ya mahakama kule, na maneno yake mengi yakabaki.

Neno la kwanza ni "capsa", maana yake sanduku au chombo cha kuwekea vitu, na limezaliwa na kitenzi cha kushika au kuchukua. Ukoo huu ni wa vitu vya kushikika: sanduku, foronya, kava, kreti. Na tusidhani ukoo huu ni wa Wazungu peke yao. Wareno walifika pwani ya Afrika Mashariki mwaka 1498, wakakaa Mombasa hadi walipofukuzwa Fort Jesus mwaka 1698, wakatuachia maneno kama meza na bendera. Waliacha pia "caixa" yao, mtoto wa "capsa" ileile, nasi tukaitamka kasha. Kwa hiyo bibi yako akisema nguo za harusi ziko kashani, anatumia ndugu wa damu wa "case". Kaseti ni mjukuu wa ukoo huo, maana yake ya asili ni kasha dogo. Hata keshi ni ndugu, kwa sababu zamani "cash" lilikuwa sanduku la kuwekea hela kabla halijawa hela zenyewe. Ninyi mliosoma Kongo au Burundi mnajua "caisse", pale unapolipia. Haya, mmeona.

Herufi kubwa na ndogo nazo ziko upande huu wa sanduku. Zamani vitabu vilichapwa kwa herufi za risasi, moja moja, mpangaji anaziokota kwa mkono. Herufi hizo zilikaa kwenye makasha ya mbao yenye vyumba vyumba. Kasha la herufi kubwa liliwekwa juu, la ndogo likawekwa chini, karibu na mkono. Basi Waingereza wakaziita herufi za kasha la juu na za kasha la chini. Leo makasha hayapo, lakini kompyuta ikikwambia nenosiri lako linahitaji "upper case", inakutaja kasha lile la mbao bila kujua.

Neno la pili ni "casus". Hili limezaliwa na kitenzi cha Kilatini cha kuanguka. Maana yake ni jambo lililoanguka, yaani lililotokea, lililompata mtu. Sisi waswahili hatushangai hapo, maana nasi tunasema balaa limemwangukia fulani. Kutoka hapo wanasheria walichukua "case" kuwa jambo lililoletwa mbele ya hakimu, na waganga wakalichukua kuwa ugonjwa uliompata mtu huyu, siku hii. Wanasarufi nao wakalichukua: Wagiriki wa kale waliona nomino ikibadilisha mwisho wake ni kama imeanguka kutoka kwenye umbo lake lililosimama wima, wakaliita jambo hilo anguko, na Warumi wakatafsiri vilevile.

Ukoo wa kuanguka una ndugu wengine tunaoishi nao. "Accident" ni kitu kilichokuangukia. "Casual" ni kitu cha kubahatisha, ndiyo maana kibarua wa siku moja hapa Uganda anaitwa "casual": leo kazi imemwangukia, kesho haijulikani. Na "chance", ile tunayoita shansi, ni ndugu yao pia. Ilihusu kete zinavyoanguka mchezoni. Kwa hiyo mtu anayesubiri "case" yake imletee "chance" anasubiri kuanguka mara mbili, la kwanza lililomleta hapa, la pili analoliomba kila usiku.

Sasa, familia ya mzee wetu iliingiaje kwenye neno hili? Hapa historia ni ya juzi juzi. Katika karne ya 19, miji mikubwa ya Uingereza na Marekani ilijaa maskini, na vyama vya misaada vikaanza kutembelea nyumba moja moja na kuandika habari za kila familia. Mwanamke mmoja Mmarekani, Mary Richmond, aliyeanza kazi hiyo Baltimore, aliandika kitabu mwaka 1917, Social Diagnosis, kufundisha namna ya kuuliza: sikiliza familia, kisha ndugu, majirani, shule, mwajiri, daktari, halafu linganisha ushahidi. Tazameni lugha yake: "diagnosis" ni ya madaktari, ushahidi ni wa wanasheria. Mwaka 1922 akatoa kingine, kinachoeleza kazi hiyo ni nini, na "case" iko kwenye jina lake. Jambo lililoiangukia familia likawa "case", na anayelishughulikia akawa "caseworker". Shirika la Umoja wa Mataifa la wakimbizi lilipoanza kazi mwaka 1951, neno lilikuwa limeshazoeleka maofisini.

Na hapo ndipo koo mbili zilipoonana, angalau kwa macho yetu sisi tunaokaa upande wa pili wa meza. Kilichotuangukia, vita, usiku ule, barabara ile, kinaandikwa kwenye karatasi. Karatasi zinawekwa kwenye sanduku, au siku hizi kwenye kompyuta. Sanduku linapewa namba. Baadaye unasikia wanaita namba.

Lakini kwa nini mzee hakuelewa? Wengine walisema eti hajasoma. Si kweli, mzee yule alisoma kwa Kifaransa, na anaandika vizuri kutupita. Tatizo ni ramani ya wakoloni. Uganda na Kenya zilitawaliwa na Mwingereza, na Tanganyika ikawa chini yake baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia. Huko neno "case" liliingia na mahakama za Kiingereza, ambako hukumu ya zamani huongoza hukumu mpya. Kiswahili kikalipokea kupitia mlango huo mmoja wa mahakama, kikalifanya kesi, na maana nyingine zikabaki nje. Kongo ilikuwa mali ya mfalme Leopold wa Pili tangu 1885, ikawa koloni la Ubelgiji mwaka 1908, na Rwanda na Burundi zikaingia mikononi mwa Wabelgiji baada ya vita ile ile. Kwetu huko ofisi ilizungumza Kifaransa. Kifaransa chenyewe kimeweka koo hizi mbali mbali: "cas" ni jambo lililotokea, "caisse" ni sanduku. Na karatasi za mtu ofisini zina jina jingine kabisa: dosiye. Nalo lina historia yake, limetoka kwenye neno la Kifaransa la mgongo, kwa sababu furushi la karatasi liliandikwa jina mgongoni.

Dosiye! Neno lilikuwepo mdomoni mwetu wote, na siku ile hakuna aliyelikumbuka. Tulikimbilia lile linalofanana kwa sauti, tukaacha linalofanana kwa maana.

Basi ndugu mwanafunzi, ukikutana na "case", usikimbilie kesi. Angalia kwanza limekaa na nani. Likiwa na vitenzi vya kubeba, kufungasha au kujaza, hilo ni kasha. Likiwa na hakimu, wakili, kushinda au kushindwa, hapo ndipo kesi. Likiwa na jina la ugonjwa na tarakimu, ni wagonjwa. Likiwa na namba yako na majina ya watu wa nyumbani kwako, ni dosiye. "In case" ni jambo jingine, maana yake ikiwa au isije ikawa. Ule ubao ukutani unaosema "in case of fire" unakueleza la kufanya moto ukitokea. Na ukiambiwa "your case is closed", usishangilie wala usilie kwanza. Uliza: imefungwa kwa sababu imekamilika, au kwa sababu kuna karatasi haikupatikana? Omba ueleweshwe kwa lugha yako, na ukiona mkalimani anababaika, mwambie arudie.

Mtu asitucheke wala asicheke Kiingereza. Kiswahili nacho kina mitego yake. Mgeni anayejifunza "kaa" anakuta mkaa, mnyama wa baharini na kuketi pamoja. Na jioni moja tulipokuwa tunatafuta neno zuri la kutafsiri "case", mmoja wetu akapendekeza kisa, neno lenye asili ya Kiarabu, maana yake hadithi ya mambo yaliyotokea. Tukalipenda. Halafu mwingine akauliza wingi wake. Visa. Tukacheka sana, kisha tukanyamaza, maana kila mtu pale alikuwa na visa vingi na hana hata visa moja.

Miezi miwili baada ya siku ile tulirudi na mzee kwenye meza ileile. Swali likaulizwa vilevile. Safari hii tukasema polepole: "Baba, wanauliza ni nani wote waandikwe kwenye dosiye ya nyumba yako." Mzee akatutazama. "Ah, dosiye! Mungesema hivyo tangu siku ile." Akawageukia wajukuu, akawavuta mbele kwa mabega, akaanza kutaja majina yao, jina la nyumbani, la ubatizo na la babu, taratibu, huku akimwangalia karani aandike kila herufi.

Neno gani la Kiingereza lilikuumbua wewe? Tutumie, tulifuatilie lilikotoka.