Dalali wa Hewa Ukaa: Katoka Wapi, na Umuulize Nini

Msimu huu wengi mmeniuliza: "Bwana shamba, amekuja mtu anataka tusaini karatasi za kaboni. Tukubali?" Sikiliza kwanza historia ya biashara hii. Ukiijua, utajua pa kumbana dalali.

Mwaka 1988 kampuni ya umeme ya AES ya Marekani, iliyokuwa na mpango wa mtambo wa makaa ya mawe huko Connecticut, ilikubali kutoa fedha ili wakulima wa Guatemala wapande miti. Hoja ilikuwa rahisi: mtambo unatoa hewa ukaa, na mti unapokua unaivuta na kuihifadhi. Anayechafua alipe, anayepanda asaidiwe.

Mwaka 1997 mataifa yalikubaliana huko Kyoto, Japani, na makubaliano yakaanza kutumika 2005. Nchi tajiri ziliruhusiwa kutimiza sehemu ya ahadi zao kwa kununua hati za kaboni kutoka miradi ya nchi zinazoendelea. Hati moja ni tani moja ya hewa ukaa.

Hapo dalali akapata kazi. Mwenye ekari mbili za miti hawezi kulipia upimaji, ukaguzi na usajili. Mnunuzi wa London naye hawezi kuongea na wakulima elfu moja, mmoja mmoja. Dalali hukusanya tani za wengi, hutanguliza gharama, kisha huuza. Ni kazi halali, kama ya anayekusanya mahindi vijijini. Lakini lumbesa unaiona kwa macho. Tani ya hewa huioni, na mzani anao yeye.

Kwetu Tanzania, mpango wa TIST ulianza Mpwapwa, Dodoma, mwaka 1999, kwa wakulima waliojiunga katika vikundi vidogo na kupanda miti kwenye mashamba yao. Kikundi ndiyo nguvu ya mnyonge tangu mwanzo wa biashara hii.

Bei nayo ina historia yake. Hati zilizotokana na makubaliano ya Kyoto ziliuzwa zaidi ya yuro 20 mwaka 2008. Mwisho wa 2012 hazikufika hata yuro 1, kwa sababu uchumi wa Ulaya uliyumba na hati zilizagaa sokoni. Tani ilikuwa ile ile, soko ndilo lililogeuka. Kwa hiyo anayekuahidi bei ya miaka 20 ijayo anabahatisha.

Wapo waliofaidika. Kijiji cha Gazi, Kwale, Kenya, kinatunza hekta 117 za mikoko kupitia Mikoko Pamoja tangu 2013. Fedha za hati zimeleta maji na kusaidia shule, na wanakijiji wenyewe huamua matumizi.

Sheria zilifuata baadaye. Tanzania ilitoa kanuni za biashara ya kaboni mwaka 2022. Kenya ilirekebisha sheria yake mwaka 2023, na miradi ya ardhi ikatakiwa kuipa jamii angalau asilimia 40 ya mapato baada ya gharama.

Mzee mmoja aliniletea mkataba wa miaka 30, wote kwa Kiingereza, ukiwa na dole gumba lake tayari. Aliuliza kama anaweza kukata miti miwili apaulie nyumba ya kijana wake. Mkataba ulisema hapana. Miti ameipanda mwenyewe, shamba ni la baba yake. Sikuwa na jibu la kumfariji.

Basi, kabla ya kusaini, uliza haya:

1. Mradi umesajiliwa serikalini? Nionyeshe karatasi.
2. Mkataba ni wa miaka mingapi? Nikifa, unamfunga mwanangu?
3. Naruhusiwa kukata miti, kulisha mifugo na kulima?
4. Tani moja umeiuza bei gani, na mimi napata fungu gani?
5. Gharama zinakatwa kabla au baada ya fungu langu?
6. Miti ikiungua, nani anabeba hasara?
7. Mkataba uko wapi kwa Kiswahili?

Dalali mkweli atajibu yote bila kukasirika. Anayekuharakisha mwambie asubiri kikao cha kikundi. Na karatasi ilete ofisini tuisome pamoja, kabla ya dole gumba, si baada.