Povu la Tembo la Mnazi

Hapa Shika Adabu, kusini mwa kivuko cha Likoni, mti na kinywaji vyote huitwa mnazi. Asubuhi na jioni mgema hukwea, akapunguza ncha ya karara kwa kisu kikali na kukinga utomvu. Chachu huanza kazi humo humo chomboni: sukari hugeuka kileo na gesi ya kaboni dioksaidi, na utomvu ukawa tembo. Tega sikio, utalisikia likichemka.

Kwa joto la pwani, lita ya tembo lililo wazi haishiki hata lita moja ya gesi. Bia ya chupa hubeba zaidi ya mbili. Hivyo tembo hutekenya ulimi kwa upole tu. Ukilitia chupani ukakaza kifuniko, chupa yaweza kupasuka. Likilala siku kadhaa, povu hutulia, na tembo huwa siki.