Karbamazepini

Karbamazepini ni dawa ya kifafa ambayo pia hutuliza ugonjwa wa akili wa hisia kupanda na kushuka kupita kiasi. Iliundwa mwaka 1953 na mkemia Walter Schindler wa kampuni ya Geigy, Uswisi, na hujulikana pia kama Tegretol. Hufaa kifafa kinachoanzia sehemu moja ya ubongo, na maumivu makali ya neva ya uso. Kifafa cha kuduwaa, kinyume chake, yaweza kukizidisha.

Kwa Uganda, jambo zito ni mchanganyiko wake na dawa nyingine. Dawa hii hulichochea ini kuvunja dawa nyingine haraka: vidonge vya uzazi wa mpango hupungua nguvu, na dolutegravir ya VVU huhitaji kumezwa mara mbili kwa siku badala ya moja. Tena, kuiacha karbamazepini ghafla huweza kurudisha degedege kwa kishindo. Sharti la kutoikatiza ni gumu kwa mkazi wa mji wa Kaberebere, au wa Nakivale, makazi ya wakimbizi yaliyofunguliwa 1958 wilayani Isingiro, ambaye hospitali yake ya rufaa iko Mbarara: vidonge vikiisha kabla ya nauli kupatikana, kifafa hakingoji.