Juu ya jina Shah: mfalme ao mchuuzi?

Mwenye kusafiri kwa biashara toka ziwa letu kwenda Kampala hata Mombasa, atalikuta jina Shah limeandikwa juu ya mlango wa duka la Mhindi. Mwenye kusoma kidogo habari za Uajemi atasema: «Shah maana yake mfalme, basi mtu huyu ni wa ukoo wa wafalme.» Mwingine atasema: «Hilo ni jina la Waislamu.» Tuchunguze kama wanasema kweli.

Kwanza tukumbuke kwamba Wahindi si wageni wa jana katika biashara ya upande wetu. Burton na Speke walifika Uvira mwaka wa 1858. Wakati ule, karibu na Tabora ya leo, aliishi mfanyabiashara Mhindi ambaye watu walimwita Musa Mzuri. Musa lilikuwa jina la dini yake. Mzuri ni neno la watu wa huku. Kisha reli ya Dar es Salaam ilifika Kigoma mwaka wa 1914, na vitu vya maduka vikapata njia nyepesi ya kufika ziwani. Bujumbura vilevile ulikuwako mtaa wa Waasia.

Sasa jina lenyewe. Maana ya kwanza ni ya Kiajemi, nayo ni mfalme. Yule aliyejenga Taj Mahal huko Uhindi aliitwa Shah Jahan, maana yake mfalme wa dunia. Wafalme wa Iran walishika cheo hicho hata mwaka wa 1979. Tena ukoo wa Shah ulitawala Nepal hata mwaka wa 2008, nao ni Wahindu. Basi si kweli kwamba jina hili ni la Waislamu peke yao.

Maana ya pili ilitoka katika ile ya kwanza. Waislamu wa Uhindi walipenda kuwapa cheo cha Shah watu wa uzao wa Mtume Muhammad, na vilevile mafakiri na walimu wa Kisufi, ijapokuwa wengine wao hawakuwa na mali yoyote. Aga Khan wa tatu, mkuu wa Waismaili, aliyepimwa kwa almasi huko Dar es Salaam mwaka wa 1946, aliitwa Sultan Muhammad Shah. Hapo Shah ni neno la heshima.

Maana ya tatu ni ya watu wa Gujarat. Huko Wahindu na Wajaini wa tabaka la wachuuzi huitwa Shah, lakini neno lao halikutoka Uajemi. Wenye elimu ya lugha hulirudisha kwa neno la Kisanskrit, sadhu, yaani mtu mwema na mnyofu. Likageuka sahu, kisha sah, likawa jina la mfanyabiashara mwaminifu. Wengi wa akina Shah wa Kenya ni Wajaini wa jamaa ya Oshwal, ambao wazee wao walitoka upande wa Jamnagar. Wanayo majina ya koo, kama Dodhia ao Gudka, lakini wengi huandika Shah tu.

Basi watu wawili wenye jina hili pengine hawana undugu hata kidogo. Mmoja ataswali msikitini siku ya Ijumaa. Mwingine ni Mjaini asiyekula nyama, samaki wala yai. Atakayemwandalia huyu ndagala wa ziwa letu, akidhani anamheshimu mfalme, atamwacha na njaa.

Sisi wenyewe tuna mfano wa karibu. Kwa Bavira, Bafuliiru na Barundi, mwami ni mtawala. Kwa Balega, mwami ni mtu aliyeingizwa katika Bwami, nao waweza kuwa wengi katika kijiji kimoja. Mgeni asiyeuliza angesema kwamba Balega wana wafalme mia.

Mambo haya si mchezo wa wenye elimu. Mwaka wa 1972 Idi Amin aliwapa Waasia wa Uganda siku 90 za kuondoka. Tarehe 30 Novemba 1973 serikali ya Zaire ilitangaza kuyatwaa maduka na mashamba ya wageni. Mzao wa Mtume, fakiri na mchuuzi, wote waliitwa «Wahindi» tu. Mwaka ule wa 1972 wazee wetu nao walilazimishwa kuacha majina yao ya ubatizo, kana kwamba jina latosha kumfanya mtu kuwa mgeni kwao. Na tangu vita ya 1996, sisi wa Uvira tunajua mabaya yanayotoka hapo mtu anapohukumiwa kwa jina la kabila kabla hajafungua kinywa.

Kwa hiyo, ndugu mtakaoandika kesho mabuku ya ubatizo na ya ndoa, andikeni jina sawasawa na mwenyewe anavyolitaja. Na mkitaka kujua maana yake, mwulizeni yeye mwenyewe.