Imla na Uimla

Somo la imla halihitaji vifaa. Mwalimu anasimama mbele na kitabu, anasoma sentensi polepole, anairudia, na darasa zima linaandika. Tulipokuwa wadogo hata alama alizitamka yeye: "mkato", "nukta", "aya mpya". Mtoto hakuwa na lake daftarini ila makosa.

Kutokana na neno hilo la asili ya Kiarabu tumepata uimla, utawala ambamo mmoja anasema na wengine wote wanaandika. Tunalo pia udikteta, lililotufikia kupitia Kiingereza, na magazetini ndilo linalotamba. Yote mawili yana chimbuko moja la maana. Dikteta kilikuwa cheo halali cha Roma ya kale, cha mtu aliyekabidhiwa madaraka yote wakati wa hatari kwa muda usiozidi miezi sita, na jina lake linatokana na kitenzi cha Kilatini cha kumsomea mwingine aandike. Imla ileile! Kihispania kimeyaweka bega kwa bega: zoezi la darasani ni dictado, utawala ni dictadura.

Uimla lina kasoro yake. Ukitaka kumtaja mtu mwenyewe, "mwimla" halijazoeleka, "kiongozi wa kiimla" ni refu, na dikteta linatoka mdomoni bila taabu. Katika habari za vifaru na mapinduzi naliacha lipite. Ila ikija riwaya ya kihistoria kuhusu mwalimu, sikubali kuachana na uimla.

Chukua Historia de una maestra ya Josefina Aldecoa wa Uhispania, iliyotoka mwaka 1990. Gabriela anapata cheti cha ualimu mwaka 1923, mwaka uleule ambao Jenerali Miguel Primo de Rivera alitwaa madaraka, na Aldecoa anamweka Oviedo siku ya harusi ya afisa mmoja wa jeshi aitwaye Francisco Franco. Binti anatazama sherehe, basi, kisha anaenda zake kufundisha vijijini. Baadaye anavuka bahari hadi Guinea, koloni la Uhispania, anarudi, anaolewa na mwalimu mwenzake. Jamhuri inapotangazwa Aprili 1931 wanaiamini kwa moyo wote. Msalaba unaondolewa darasani, na uhasama unapamba moto. Mwandishi hakuwa mgeni wa mambo hayo: mama yake na bibi yake walikuwa walimu.

Kwa jinsi ninavyoisoma riwaya hiyo, mabavu hayaanzi na bunduki. Yanaanza na padri na wakubwa wa kijiji wanaotaka kumpangia mwalimu cha kusema mbele ya watoto. Neno udikteta linanionyesha magwanda, na magwanda yanakuja baadaye. Uimla linanirudisha mbele ya ubao, mahali ambapo Gabriela anapigana vita vyake.

Na wapo walioitupa imla yenyewe. Antoni Benaiges, mwalimu wa Kikatalani, alifika mwaka 1934 katika kijiji cha Bañuelos de Bureba, mkoani Burgos. Alifuata mbinu za Mfaransa Célestin Freinet: alinunua mashine ya kuchapia kwa pesa zake, akawaacha wanafunzi waandike mambo yao wenyewe, wayapange kwa vidole vyao, herufi moja moja ya risasi, kisha wayachape. Januari 1936 walitoa kijitabu kuhusu bahari, ambayo hawakuwahi kuiona. Aliwaahidi kuwapeleka kwao Catalonia kuitazama, majira ya joto yakifika.

Julai ilipofika, jeshi liliasi, na ndani ya siku chache Benaiges alikamatwa na kuuawa. Baadhi ya vijitabu vilibaki. Mikato na nukta zake zilipangwa na watoto.